Kutoka Kiwanja cha Maskini hadi Dola Moja: Historia ya Kuhesabu Umaskini

Mstari wa umaskini ni bei ya orodha. Mtu huketi akaandika vitu ambavyo binadamu hawezi kuishi bila hivyo, akatafuta bei zake sokoni, akajumlisha, na jumla ile ikawa kizingiti: aliye chini yake anahesabiwa maskini, aliye juu yake hahesabiwi. Kujumlisha si kazi. Kazi iko kwenye orodha yenyewe: nani anaiandika, anamwandikia nani, na kilichoachwa nje kimeachwa kwa sababu gani.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuandika orodha ya namna hiyo alikuwa Dadabhai Naoroji, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Bombay. Katika miaka ya 1870 alikokotoa kwamba mazao yote ya India iliyotawaliwa na Waingereza, yakigawanywa kwa watu wake, hayatoi zaidi ya rupia 20 hivi kwa mtu kwa mwaka. Kisha akatafuta gharama ya kumlisha na kumvisha mfungwa katika magereza ya serikali hiyohiyo, akaona kuwa mfungwa anagharimu zaidi. Hoja yake haikuhitaji maelezo marefu. Kwa upande mmoja aliweka pato la nchi, kwa upande wa pili mahitaji ya mtu mmoja, akavisoma pamoja. Katika karne iliyofuata vipimo hivyo viwili viliachana, kila kimoja kikawa na wataalamu wake na ofisi yake, na kazi ya kuvirudisha pamoja bado haijakamilika.

Uingereza kwenyewe, Charles Booth, tajiri wa meli, alianza mwaka 1886 kuchunguza mitaa ya London, na hesabu yake ikaonyesha kuwa karibu asilimia 31 ya wakazi walikuwa maskini. Aliyeweka mfano ulioigwa kote, hata hivyo, ni Seebohm Rowntree, wa ukoo wenye kiwanda cha chokoleti katika mji wa York. Mwaka 1899 watu wake walizipitia familia 11,560 za wafanyakazi wa mji huo. Kwa kutumia elimu mpya ya lishe alitafuta chakula cha bei ya chini kabisa kinachoweza kuupa mwili nguvu ya kufanya kazi, akaongeza kodi ya nyumba, nguo na makaa. Kwa baba, mama na watoto watatu ilitosha shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Katika mlo huo hamkuwa na nyama mbichi ya buchani. Hapakuwa na nauli ya basi, gazeti, wala stempu ya kumwandikia barua mtoto aliyehama. Rowntree aliukaza mstari makusudi, ili asitokee mtu wa kusema kwamba maskini wa York ni wavivu au wafujaji: hata kwa kipimo hicho kikali, karibu mtu 1 kati ya 10 mjini hakuweza kukifikia. Kwake ukali ulikuwa silaha ya kuwatetea maskini. Ulipovuka bahari uligeuka.

Mstari huo ulifika Cape Town kupitia Edward Batson, profesa wa chuo kikuu cha huko, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 alitengeneza kipimo kilichokuja kutumiwa kusini na mashariki mwa Afrika. Orodha yake ilikuwa na chakula, nguo, kuni, taa, sabuni, kodi na nauli ya kwenda kazini. Dawa haikuwemo, wala ada ya shule, akiba, tumbaku, peremende ya mtoto au zawadi ya harusi. Batson mwenyewe alieleza wazi kwamba hicho si kiwango cha maisha ya utu, ni alama tu ya kupimia. Mwaka 1948 na 1949 alileta kazi yake Zanzibar, akaongoza uchunguzi wa hali ya jamii Unguja na Pemba uliojaza juzuu 21. Lakini mahali ambapo kipimo hicho kilikutana uso kwa uso na watu waliopimwa ni Mombasa, katika bandari ya Kilindini.

Makuli wa Kilindini wengi walikuwa vibarua, jina ambalo asili yake ni kijikaratasi, barua ndogo, cha kuhesabia siku za kazi. Leo meli ipo, kesho haipo. Ujira wao ulipangwa kwa dhana moja iliyoaminiwa na waajiri pamoja na serikali: kwamba mfanyakazi wa Kiafrika mjini ni mseja. Anaweza kuwa na mke na watoto wanne, lakini kwenye hesabu ni mseja, kwa kuwa mke na watoto wako kijijini, iwe ni Ukambani, Nyanza au kwa Wagiriama, wakijilisha kwa jembe. Mjini alihitaji posho yake tu, kaniki au kaptura, na nafasi ya kulaza ubavu. Dhana hii iliokoa fedha nyingi. Shamba la mwanamke kijijini lilikuwa likigharimia sehemu ya kazi ya bandari, na hakuna daftari lililoandika mchango huo.

Makuli waligoma mwaka 1939. Mwaka 1945 kamati iliyoongozwa na Arthur Phillips ilichunguza chanzo cha misukosuko ya wafanyakazi wa Mombasa na kuugusa mzizi wenyewe, yaani mfumo wa kumchukulia mtu wa mjini kama mgeni anayepita. Haikutosha. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa hotelini na wa majumbani, waliacha kazi kwa siku kadhaa na mji ukasimama. Chege Kibachia alitokea kuwa kiongozi wa chama chao. Walikuwa wakikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira walioubatiza jina Kiwanja cha Maskini. Jina hilo linastahili kukumbukwa katika historia ya vipimo vya umaskini, maana ni mara chache mno waliohesabiwa walijiita wenyewe. Kwao neno maskini halikuwa kiwango cha kalori. Lilimaanisha mtu anayefanya kazi na mshahara haumtoshi.

Baada ya hapo wapimaji hawakuweza tena kuikwepa familia. Mwaka 1954, Kenya ikiwa katikati ya Hali ya Hatari, kamati ya F. W. Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika ilitumia kipimo cha aina ya Batson na kuripoti kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni binafsi, na robo ya wale wa serikali, walilipwa pungufu ya mahitaji yao ya lazima. Uzito wa takwimu hiyo uko katika jambo ambalo ni rahisi kulipita: mahitaji yaliyopimwa yalikuwa ya mtu mmoja. Mke hakuwemo. Watoto hawakuwemo. Kamati ikapendekeza kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua, ndani ya miaka 10, kutoka cha mseja hadi cha familia, ambacho ilikiweka kuwa mara mbili na nusu ya kile cha mseja. Mstari ambao kule York ulikuwa wa kuwatetea maskini, hapa ulikuwa umetumika kwa miaka mingi kama kikomo cha ujira, na ilibidi watu wagome ndipo usogezwe.

Wakati huohuo hesabu nyingine kabisa ilikuwa ikianza maofisini. Vita Kuu ya Pili iliifundisha Uingereza kukokotoa pato la taifa, na mchumi Phyllis Deane akapewa kazi ya kujaribu mbinu hiyo kwenye makoloni, zikiwemo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kwa Tanganyika kazi kama hiyo ilifanywa na Alan Peacock na Douglas Dosser, ambao kitabu chao kuhusu pato la miaka ya 1952 hadi 1954 kilichapishwa mwaka 1958. Katani na kahawa hazikusumbua, kwani zilipitia forodhani. Muhogo uliochimbwa na kuliwa siku hiyohiyo ulisumbua, pamoja na mkungu wa ndizi, dagaa, pombe ya kienyeji, na kuni zilizobebwa kichwani. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuchukua idadi ya watu, kuzidisha kwa kiasi kinachodhaniwa kuliwa na kila mmoja, kisha kukipa bei. Kwa sababu hiyo, sehemu ya uchumi ambamo maskini wengi wanaishi ilikua kwenye vitabu kwa kasi ileile iliyodhaniwa kwa idadi ya watu. Anayetaka kujua kama ukuaji wa uchumi umewafikia maskini anapaswa kulijua jambo hili kwanza: kwa miongo mingi pato la maskini lilikuwa makisio, na makisio hayawezi kuonyesha kilichobadilika.

Baada ya uhuru swali la ukuaji lilikuja kuulizwa kwa sauti kubwa jijini Nairobi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, uliikuta Kenya ikiwa na uchumi unaokua vizuri na watu wengi wanaofanya kazi kutwa nzima lakini bado ni maskini: mafundi wa jua kali, wauza mboga, washona viatu. Ripoti yao ilieneza dhana ya sekta isiyo rasmi na ikashauri matunda ya ukuaji yagawanywe. Mwaka uliofuata, Septemba 1973, Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alihutubia mkutano wa mwaka wa benki hiyo katika jiji hilohilo. Alisema kuwa katika nchi zinazoendelea watu milioni 800 hivi, asilimia 40, wanaishi kwa senti 30 za Marekani kwa siku, na kwamba ukuaji wa uchumi haujawafikia. Kukiri huko kulikuwa kwa maana, kwa sababu imani iliyotawala ilisema pato likipanda, umaskini utashuka wenyewe.

Ili kuwahesabu maskini wa dunia nzima ilibidi kwanza shilingi, rupia na peso zisomwe kwa lugha moja. Kiwango cha benki cha kubadilisha fedha hakifai, kwa kuwa kunyolewa nywele Kariakoo hakugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya New York, ingawa kichwa ni kilekile. Kuanzia mwaka 1968 Irving Kravis, Alan Heston na Robert Summers wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilinganisha bei za vitu vilevile katika nchi mbalimbali, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 10 za awamu ya kwanza. Kwa bei hizo, Benki ya Dunia ilichukua mistari ya umaskini ya nchi saba zenye pato la chini, ambazo ni Bangladesh, Misri, India, Indonesia, Kenya, Morocco na Tanzania, ikaona inaangukia kati ya dola 275 na 370 kwa mtu kwa mwaka, kwa bei za 1985. Mwaka 1990, kwa kazi ya mchumi Martin Ravallion na wenzake, dola 370 zikawa dola moja kwa siku, na dunia ikaupokea mstari huo.

Nguvu yake ilikuwa urahisi wa kukumbukwa. Udhaifu wake ulionekana kila bei zilipopimwa upya. Upimaji wa mwaka 2005, ambamo China ilishiriki kwa mara ya kwanza, ulionyesha kuwa bei katika nchi nyingi maskini zilikuwa juu kuliko ilivyodhaniwa. Mstari ukawa dola 1.25, na idadi ya maskini wa dunia ikapanda kutoka chini kidogo ya bilioni 1 hadi bilioni 1.4, bila sahani ya mtu yeyote kubadilika. Ukafuata mstari wa dola 1.90 mwaka 2015, na dola 2.15 mwaka 2022. Juni 2025 ulifikishwa dola 3, na hesabu ya watu wenye umaskini uliokithiri kwa mwaka 2022 ikatoka milioni 713 hadi milioni 838. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na mfumuko wa bei, na sehemu kubwa zaidi na nchi maskini zenyewe kuandika upya orodha zao. Pato la Taifa nalo halikusalimika. Ghana iliposahihisha hesabu zake mwaka 2010, uchumi wake uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 60 kwenye karatasi. Nigeria mwaka 2014 iliongeza asilimia 89, na Kenya mwaka huohuo asilimia 25.

Takwimu zote hizo za dunia zinasimama juu ya mlango uliobishwa. Tanzania, baada ya tafiti za 1969 na 1976/77, iliufufua Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi mwaka 1991/92, na katika ule wa 2000/01 wadadisi walizifikia kaya zaidi ya 22,000. Kaya zilipewa daftari na kuandika kila kilicholiwa kwa muda wa mwezi. Maelezo yake ni mepesi kuliko utendaji wake. Mahindi yamenunuliwa kwa sado, na sado ya soko hili inajazwa kwa kilima wakati ya soko lile inapigwa mstari juu. Nyanya ni fungu, na fungu la masika si fungu la kiangazi. Wazee wa pwani waliokuwa wakipima kwa kibaba na pishi walilijua tatizo hili kabla ya mtakwimu yeyote. Kuna chipsi alizokula baba kituo cha basi, andazi la mtoto shuleni, na ugali aliokaribishwa mgeni. Mama anayeshika daftari anaandika kilichopita jikoni kwake.

Uzito wa mambo haya ulipimwa mwaka 2007 na 2008. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walizigawa kaya 4,000 katika wilaya saba za Tanzania makundi manane kwa bahati nasibu, kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa njia tofauti: daftari la kaya, daftari la kila mtu, kukumbuka siku saba, kukumbuka siku 14, orodha ndefu, orodha fupi. Watu walikuwa wa aina moja. Hata hivyo kiwango cha umaskini kwa mstari wa dola 1.25 kilitofautiana kwa takriban pointi 20 za asilimia, chini kabisa pale kila mtu alipokuwa na daftari lake, na juu kabisa pale vyakula vilipofupishwa kuwa makundi machache. Serikali nyingi zingefurahia kupunguza umaskini kwa pointi 20 katika miaka 15. Hapa zilipungua kwa kubadilisha dodoso.

Mseja wa Kilindini naye hajaondoka kabisa. Ili kulinganisha kaya zenye watoto na zisizo na watoto, tafiti za Tanzania hubadilisha kila mtu kuwa sehemu ya mtu mzima kwa mahitaji ya chakula: mwanamume mtu mzima ni 1.00, mwanamke 0.88, mtoto wa chini ya miaka mitatu 0.40. Ulinganifu huo una msingi wa kisayansi, lakini kizio chake bado ni mwanamume, na nani hasa anakula nini baada ya chakula kupakuliwa ni jambo ambalo hesabu ya kaya haiwezi kulijua.

Ndani ya mipaka hiyo, tafiti za Tanzania zilitoa fumbo lililojadiliwa sana na wachumi, Anthony Atkinson akiwa mmoja wao. Kati ya 2000 na 2007 Pato la Taifa lilikua kwa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu, na kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini ilipanda kwa zaidi ya milioni 1. Maelezo yalikuwa mengi, na kila moja lina ukweli ndani yake. Asilimia 7 ikigawanywa kwa watu wanaoongezeka kwa karibu asilimia 3 inabaki 4 hivi. Ukuaji ulitoka kwenye madini, simu, ujenzi na utalii, wakati maskini walio wengi walikuwa shambani, ambako kasi ilikuwa ndogo. Bei ya chakula iliwaumiza zaidi wale ambao fedha yao yote huishia kwenye chakula. Na pande mbili za fumbo zilipimwa kwa vipimo viwili tofauti, kimoja kikikisia matumizi ya wananchi kutoka ofisini, kingine kikiyauliza jikoni. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa ndilo linalopaswa kutangulia. Mwaka 2011/12 dodoso lilibadilishwa, takwimu za 2007 zikakokotolewa upya kuwa asilimia 34.4 ili zilinganishwe, na kiwango kipya kikawa 28.2. Utafiti wa 2017/18 ulikiweka katika asilimia 26.4, mstari ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi.

Tafiti hizi zote hupiga picha ya kaya tofauti kila mara. Nani alipanda na kwa njia gani ni swali linalohitaji kuwafuata watu walewale, na kazi hiyo ilifanyika mkoani Kagera. Kaya zaidi ya 900 zilizohojiwa kuanzia 1991, wakati UKIMWI ukiusumbua mkoa huo, zilitafutwa tena mwaka 2004. Wakati huo nyingi zilikuwa zimegawanyika: vijana wameoa, wajane wamerudi kwao, wengine wako Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka Uganda. Wadadisi waliwafuata huko waliko, na waliopatikana walikuwa wakiishi katika kaya takriban 2,700. Walipolinganishwa ndugu waliokulia nyumba moja, matumizi ya waliohama kijiji yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Utafiti ambao ungebisha tu milango ileile ya 1991 ungewakuta waliobaki, na kuripoti kwamba hakuna kikubwa kilichobadilika.